Kobe Aliamka kwa Sekunde Nane

Mhandisi alikutwa amelala kifudifudi juu ya meza yake ya kazi, shavu limekandamiza mchoro wa ghorofa ambalo yeye hatalijenga. Kisogo kilikuwa kimepondwa. Chini ya kiti kulikuwa na kipande cha nondo chenye damu, urefu wa mkono.

Inspekta alivaa glavu, akainama. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na hasira za karibu, na Jumatatu asubuhi huwa karibu zaidi.

"Silaha imetoka wapi?"

"Kwenye ile rafu, afande," Sajenti alijibu. "Marehemu aliweka sampuli za nondo. Milimita kumi, kumi na mbili, kumi na sita. Iliyotumika ni ya kumi na sita."

Inspekta aliitazama rafu. Nondo ya kumi na mbili ilikuwa pale pale nyuma ya kiti, ukinyoosha mkono tu unaifikia. Ya kumi na sita ilikuwa imekaa mwisho kabisa, nyuma ya mafaili. Mtu aliyepandwa na hasira haachi cha karibu akafuata cha mbali. Akaliandika hilo kwenye kijitabu chake.

Mtuhumiwa alishapatikana, tena kirahisi mno. Fundi kompyuta, mtu mzima mwenye miwani iliyogangwa kwa selotepu, alikuwa ameketi kwenye korido na pingu mikononi, damu kwenye mkono wa shati.

"Ulifuata nini hapa?"

"Skrubu, afande."

"Unanitania?"

"Haki ya Mungu tena! Jumamosi nilimtengenezea laptop nyumbani kwake. Nilipomaliza kuifunga, skrubu moja ikabaki. Imeninyima raha siku mbili. Leo naileta, namkuta kalala hivyo. Nikamshika nimwinue, ndipo yule mama akaingia na kelele za muuaji, muuaji. Afande, ndiyo nifungwe maisha kwa ajili ya skrubu?"

Sajenti alicheka puani. Lakini skrubu kweli ilikuwepo kwenye mfuko wa shati, imeviringishwa kwenye karatasi ya peremende.

"Yule mama" alikuwa katibu muhtasi, miaka kumi na tisa katika ofisi ile. Wenzake walimwita Mama Nukta, maana hakuna barua iliyotoka pale bila yeye kuikagua mpaka nukta ya mwisho. Alikaa wima, mkoba mapajani.

"Uliingia saa ngapi?"

"Saa mbili kamili. Bosi alishafika, mzima wa afya. Nikamwashia Kobe, nikaenda stoo ya michoro."

"Kobe ni nani?"

"Laptop yake. Ina uzito wa kuamka hiyo! Robo saa nzima. Hapa mtu akichelewa kikao anasema Kobe anaamka, na hakuna wa kumuuliza zaidi."

"Uliporudi?"

"Kobe bado ananguruma, kile kiduara kinazunguka. Na huyo mshenzi kamwinamia bosi wangu."

Aliyasema yote bila kukwama, kama mtu anayesoma barua aliyoipiga chapa mwenyewe.

Inspekta alirudi kwa fundi.

"Hiyo laptop uliifanya nini?"

"Niliiwekea SSD, afande. Diski mpya. Ile ya zamani ilikuwa na sahani inayozunguka ndani, imechoka, ndiyo iliyokuwa inanguruma. Hii haina kinachozunguka. Kimya! Inawaka kabla hujakaa vizuri."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na marehemu. Na ile ya zamani aliniambia nikaiponde kwa nyundo."

"Ukaiponda?"

Fundi aliangalia chini kama mtoto aliyefumaniwa kwenye kopo la sukari. "Sisi mafundi hatutupi kitu, afande. Iko kwenye begi langu."

Inspekta alimwita mtaalamu wa vielelezo, akamkabidhi begi. Kisha akamwita Mama Nukta ofisini. Maiti ilikwishaondolewa, na laptop ilikuwa imeshachukuliwa alama za vidole.

"Mama, nionyeshe tu. Washa kama ulivyowasha asubuhi, ufanye ulivyofanya."

Mama Nukta alibonyeza kitufe, akageuka kwa mazoea ya miaka, akaanza safari ya stoo. Hakuufikia mlango. Nyuma yake kililia kimlio kidogo cha furaha. Akageuka. Skrini ilikuwa inang'aa, tulivu, inasubiri nywila.

"Sekunde nane," Inspekta alisema. "Hakuna mngurumo, hakuna kiduara. Kobe uliyemsikia asubuhi alitolewa humu Jumamosi. Leo hukuiwasha kabisa, mama. Ulikuwa na kazi nyingine."

Mama Nukta alishika ukuta.

"Nondo ya kumi na mbili ilikuwa karibu. Kwa nini hukuichukua?"

"Kwa sababu ya kumi na mbili ndiyo aliyoweka kwenye lile jengo!" Sauti ilimpasuka. "Mchoro ulisema kumi na sita. Akashusha, akasaini, ghorofa likaanguka na watu sita. Mmoja mwanangu, mwashi. Ripoti ikasema mwashi alikosea kuchanganya zege. Unajua nani aliipiga chapa? Mimi! Kwa vidole hivi."

"Na uliamini."

"Niliamini. Bosi alinishika bega, akalia na mimi. Nikapiga magoti kwenye nyumba tano kumwombea mwanangu msamaha. Kaburini sikumlilia, afande. Nilimgombeza."

Inspekta alifunga kijitabu chake.

"Ijumaa akaniambia Kobe amejaa, nifute mafaili ya zamani. Akatoka kupokea simu, nikafungua moja. Kumi na sita imekatwa, kumi na mbili imeandikwa, saini yake chini. Tarehe ni mwezi mzima kabla mwanangu hajashika mwiko. Akarudi, akasimama nyuma yangu. 'Ya lile jengo futa tu mama, yanakuumiza bure.' Nikafuta. Ningewaletea nini polisi? Maneno matupu? Nikabaki na mkono wangu tu. Sijuti."

"Na fundi wa watu?"

"Alijileta mwenyewe."

"Ulimbebesha kosa lisilo lake, mama. Kama alivyofanyiwa mwanao."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka, kwa mara ya kwanza siku ile.

Alasiri, kituoni, fundi alifunguliwa pingu. Mtaalamu alikuja na karatasi moja. Mafaili yaliyofutwa Ijumaa yalikuwa bado yanarejesheka kwenye diski ya zamani. Mchoro, saini, tarehe, vyote. Inspekta aliiweka mbele ya Mama Nukta.

"Kumbe ushahidi ulikuwepo," Mama Nukta alinong'ona. "Siku zote hizi tatu ulikuwepo kwenye begi la fundi."

Alifuata maandishi kwa kidole, polepole, akafika kwenye saini, akabaki hapo. Sajenti alikuwa akichapa maelezo ya onyo ya mama huyo, yale ya kukiri kosa, kwa vidole viwili, akikosea kila neno la tatu.

"Sogea, mwanangu," Mama Nukta alimwambia. "Hii nitaipiga mwenyewe."

Sajenti alimtazama Inspekta. Inspekta aliitikia kwa kichwa.

Mama Nukta alivuta kibodi, akafuta yote yaliyokuwepo. Kabla ya jina lake, kabla ya kosa lake, aliandika mstari mmoja: Mwashi hakukosea. Akaukagua, akahakikisha nukta ipo mahali pake, ndipo akaanza kukiri.