Chai ya Ambindwile na Hotuba Iliyokatwa

Ambindwile na mke wake Atuganile wanaishi kijiji cha Matwebe. Nyuma ya nyumba wana migomba. Mbele wana nusu ekari ya chai, na chai hiyo ndiyo inayomsomesha binti yao Tulia sekondari. Atuganile huchuma haraka sana. Nimemwona akichuma huku akipiga soga na watu watatu, na hakuna jani lililomponyoka. Watu wa namna hiyo nawavulia kofia.

Ulikuwa wakati wa kampeni. Jumatano jioni, video iliingia kwenye kundi la ukoo katika simu ya Ambindwile. Aliituma mpwa wake Jotham, anayekaa Mbeya. Mgombea mmoja kijana, jina lake Hezron, alikuwa jukwaani mjini Tukuyu.

"Chai imetufikisha wapi?" alisema Hezron. "Ng'oa chai. Panda parachichi."

Umati ulishangilia. Video ikaishia hapo.

Ambindwile aliitazama mara nne. Chai ilikuwa imemchosha kweli. Gari la kukusanya majani lilikuwa linachelewa, na mara nyingine majani yaliharibika kabla halijafika. Asubuhi yake alizunguka kwa majirani, akawaomba wanaume wanane waje Jumamosi na majembe. Kijijini kwao watu wakiitwa kusaidia kazi, wanakuja. Ukiwaita halafu uwarudishe, utasemwa mwaka mzima.

"Jumamosi tunang'oa," alimwambia mkewe. "Wewe andaa chakula cha watu wanane."

Atuganile aliweka kikapu chini. "Baba Tulia, chai yote?"

"Yote. Video hiyo imeangaliwa na watu elfu tisini."

"Hao elfu tisini ndio watakaolipa ada ya Tulia?"

Ambindwile alichukua jembe akatoka nje. Ukali wa mkewe anaujua.

Siku hiyo hiyo mchana alikuja Kuruthumu, mama wa mtaa wa Bulyaga mjini, anayenunua ndizi Matwebe na kuziuza sokoni Tukuyu. Hununua kwa namna yake. Hakubali kuambiwa kwamba mkungu umekomaa. Anaushika, anaugeuza, anatazama ndizi za juu na za chini, ndipo anataja bei. Wauzaji humnung'unikia, lakini wote wanampenda kwa sababu hamdanganyi mtu.

"Ndaga, Mama Yusra," Atuganile alimsalimu kwa Kinyakyusa. "Njoo uone maajabu. Mwenzangu anataka kung'oa chai."

Ambindwile alimwonyesha video. Kuruthumu aliitazama mara moja tu.

"Kaka, mkutano ule ulichukua saa nzima," alisema. "Hapa mna sekunde kumi na tano. Mwanzo wake uko wapi? Na mwisho?"

"Si amesema mwenyewe? Sauti ni yake."

"Sauti ni yake, sikatai. Lakini kuna mtu amechagua kipande cha kukuonyesha. Mimi walanguzi hunifanyia hivyo kila msimu. Wananitumia picha ya ndizi zilizooza Dar es Salaam, wanasema bei imeanguka. Nikipiga simu sokoni, naambiwa lori moja tu ndilo liliharibika. Picha ni ya kweli, ila wamenikatia habari."

"Basi redio ingekanusha," alisema Ambindwile. "Nilisikiliza taarifa ya habari. Hawakusema kitu."

"Walisema nini kuhusu mkutano?"

Ambindwile alifikiri. "Kwamba watu walikuwa wengi. Na kwamba vyama viwili vilirushiana maneno."

"Na chai?"

"Hawakuitaja."

"Umeona? Redio haikusema uongo. Nayo imechagua. Ina dakika chache, ikaona majibizano ya vyama ndiyo habari. Kwa hiyo wilaya nzima imelala ikizungumzia majibizano, wakati sisi huku tunaumia na majani yanayoharibika. Aliyekata video amechagua, na mhariri wa redio amechagua. Na wewe usikubali kuchaguliwa kila kitu. Kesho njooni Bulyaga, tukaitafute hotuba nzima."

Ijumaa walikwenda wote watatu kwa Samira, binti anayetengeneza simu Bulyaga. Samira aliiona hotuba nzima kwenye ukurasa wa mgombea mwenyewe. Walikaa kwenye benchi wakasikiliza.

Hezron alikuwa anasimulia ujana wake. "Nilimwambia baba yangu, chai imetufikisha wapi? Ng'oa chai. Panda parachichi." Umati ukashangilia, maana wengi walikuwa wamewaambia baba zao hivyo hivyo. Hezron akasubiri kelele zitulie.

"Baba alinisikiliza," aliendelea. "Tuling'oa yote kwa siku moja. Tukakaa miaka minne tukisubiri matunda, na mdogo wangu akaacha shule. Nilikosea, ndugu zangu. Anayetaka parachichi aanze na kona ya shamba, amwite bwana shamba kwanza. Na sisi viongozi tuhakikishe gari la majani linafika kwa wakati."

Ambindwile alivua kofia, akaishika mapajani.

"Mwe," alisema polepole. "Kesho ningemuua mwanangu kielimu."

Atuganile alikuwa na maneno mengi ya kusema, tena yenye haki. Badala yake alimpangusa mumewe vumbi begani, wakarudi nyumbani.

Jumamosi wanaume wanane walifika na majembe. Mbalaga ilikuwa inachemka jikoni, ndizi na maharage, harufu imejaa uani. Ambindwile alisimama mbele yao. Angeweza kusingizia ugonjwa, lakini hakufanya hivyo.

"Niliwaita tung'oe chai," alisema. "Nilidanganyika na kipande cha hotuba. Nimesikiliza yote, nimeona nilikosea. Kama mna nafasi, tupalilie. Kama hamna, kuleni kwanza ndipo muondoke."

Walicheka, lakini hakuna aliyeondoka. Lazaro, mzee kuliko wote, aliomba naye asikilize hotuba nzima, kwa sababu alikuwa amepanga kung'oa ya kwake Jumatatu. Kwa kweli namheshimu sana Ambindwile kwa asubuhi ile.

Wiki iliyofuata, Kuruthumu aliwapa namba ya kipindi cha wasikilizaji cha redio ileile. Atuganile alipiga siku tatu mfululizo. Siku ya tatu alipokelewa.

"Naitwa Atuganile, nachuma chai Matwebe," alisema. "Mmetangaza vyama vinavyojibizana. Sisi tunauliza gari la majani linafika saa ngapi. Wagombea wote waitwe wajibu hilo."

Wachumaji wengine nao walipiga. Baada ya siku chache redio iliwaita wagombea, swali likawa hilo. Kabla msimu haujaisha, ratiba ya gari ilibandikwa kwenye kituo cha kukusanyia majani. Gari sasa halichelewi kama zamani, na ada ya Tulia ya muhula imelipwa.

Maneno ya Atuganile redioni yalirekodiwa, yakaenea. Jotham alipiga simu kutoka Mbeya akiwa na furaha.

"Mjomba, sauti ya Mama Tulia ni ndefu kidogo. Naikata, nibakize pale alipowasema watu wa redio, halafu naisambaza."

Ambindwile alimtazama mkewe aliyekuwa katikati ya chai, mikono yake ikienda mbio.

"Itume nzima," alisema. "Mke wangu hakatwi."