Mvuje Usio na Unga

"Nani kapika hii mbaazi? Mleteni hapa!"

Ilikuwa Jumapili mchana, na hoteli ya kina Sanghvi ilikuwa imejaa mpaka ngazini. Nusu ya mtaa wa zamani wa Ahmedabad ilikuwa pale na watoto wake. Katikati ya kelele hizo Ketki Kothari alikuwa amesimama na bakuli mkononi, gauni la njano, mtandio wa kijani umemteleza begani, macho yamemtoka. Kibao cha mlangoni kilisema hoteli ni ya Wajaini, watu wa dini isiyokula mizizi: hapaingii kiazi, kitunguu wala saumu. Na yeye alikuwa amenusa saumu kwenye mbaazi.

Mpishi alitoka mwenyewe, kijana mrefu, mikono ya shati imekunjwa, vidole vya manjano kwa bizari.

"Naitwa Nimish, na hoteli ni ya kwetu. Kuna nini, dada?"

"Kuna saumu, Nimishbhai! Miezi ya mfungo, mnatulisha saumu!"

"Pua hiyo umeiazima wapi?"

"Baba yangu anauza viungo. Nimekulia juu ya magunia. Usinifundishe kunusa!"

Nimish alirudi jikoni, akaja na kipande cha kahawia kisichozidi punje ya harage, akakibana kwenye kiganja cha Ketki. "Nusa."

Harufu ilimpanda mpaka utosini. Ni ileile aliyoiita saumu.

"Huo ni mvuje, utomvu mkavu tunaotia badala ya saumu. Mvuje mtupu, usio na unga. Kwenu mnauza nini, mwenzangu?"

Meza nzima ikacheka. Ketki alikifumbata kile kipande akatoka bila kunawa.

Dukani baba yake, mzee Jaswant, alinusa mara moja akafunga mlango.

"Huu ndio wenyewe. Usimwonyeshe mtu."

"Na wetu?"

"Wetu una unga wa ngano na gundi. Watu wameuzoea."

"Kopo limeandikwa mvuje safi, Pappa. Picha yako ipo juu yake!"

"Kopo hilo ndilo limekusomesha. Shika adabu."

Ketki aliligeuza kopo, picha ikatazama ukuta. Maisha yake yote alijivunia pua, kumbe pua yenyewe ilifundishwa na uongo.

Jumapili iliyofuata alirudi kuomba radhi. Nimish hakumpa nafasi. Alimwekea kijiko cha samli mbele yake.

"Sema, wewe mwenye pua."

"Ya ng'ombe, haijachanganywa. Ila mmeiunguza."

"Hatujaiunguza!"

"Mmeiunguza, na chapati yenu unga wake umekaa sana. Unabisha nini?"

Walibishana mpaka sinia likapoa, wakajikuta wanacheka. Toka hapo kila Jumapili alionja, akasema, wakagombana, na kila jioni simu ililia.

"Nimishbhai, mchele wa leo..."

"Ukiniita kaka tena nakata simu."

"Nikuite nani sasa?"

"Jina tupu. Mimi si kaka yako, na sina mpango wa kuwa."

Ketki alicheka mpaka mama yake akaja kuchungulia.

Basi Jumapili moja Jaswant akaja hotelini kumwona kijana anayempenda binti yake, pamoja na mzee Chimanlal na mwenzake, wazee wa hekalu la Wajaini. Alikuwa ameshasikia kwamba Nimish amekataa kununua makopo yake ya mvuje. Ketki alijipamba sari ya zambarau, akakaa kando ya baba yake. Jaswant alionja mbaazi, akaweka kijiko chini, akasema kwa sauti ya ukumbi mzima:

"Saumu."

Wazee wakatema. Watu wakasukuma masinia. Nimish hakumtazama Jaswant, alimtazama Ketki.

"Ketki, waambie."

Chini ya meza, mkono wa baba yake ulikuwa umemkamata kifundo cha mkono. Ketki aliinamisha macho kwenye sinia. Nimish alisubiri, kisha akageuka akaingia jikoni.

Ketki alipompigia, Nimish alipokea mara moja tu.

"Nimish, nisikilize..."

"Ulijua, Ketkiben?"

Dada! Lilimuuma kuliko tusi.

"Nilijua. Lakini ni baba yangu!"

"Na mimi nani? Bibi yangu hajaonja saumu miaka themanini, leo majirani hawapokei hata maji mkononi mwake. Usinipigie tena."

Ketki alimkasirikia Nimish kwa kumkatia simu, akajikasirikia mwenyewe, mpaka hasira ikafika ilikostahili. Alimfuata baba yake dukani.

"Nenda kaseme ukweli."

"Nikisema, nani atanunua kopo langu?"

"Basi nitasema mimi."

"Sema. Ila ukisema, hapa si kwenu tena."

Hakupepesa jicho, na Ketki alijua hatanii; usiku huo akahamia kwa shangazi.

Jumapili iliyofuata ukumbi ulikuwa na watu wanane tu. Ketki aliingia na wale wazee wawili, amewaburuza kutoka hekaluni kwa maneno makali. Akaweka mezani visahani viwili, kimoja mvuje wa jikoni uliosagwa, kingine mvuje wa kopo. Akadondoshea vyote ayodini, ile dawa ya vidonda. Wa jikoni ulibaki na rangi ya dawa. Wa kopo uligeuka mweusi ti.

"Weusi huo ni unga," alisema. "Mzee Chimanlal, miaka thelathini umekula unga wa baba yangu, ndiyo maana mvuje wa kweli unauita saumu. Mimi pia niliuita. Ila baba yangu hakukosea. Alijua, akasema uongo. Nami nilijua, nikanyamaza."

Mzee Chimanlal alinusa visahani vyote viwili. Kisha akavuta kiti, akaagiza mbaazi.

Nimish alikuwa mlangoni mwa jikoni, uso bado umekunjwa.

"Siku saba, Ketki! Siku saba ulikaa kimya!"

"Nilikuwa na baba! Sasa sina. Unataka nini tena?"

"Usinipigie kelele hotelini kwangu!"

"Nitapiga! Amenifukuza kwa sababu yako!"

Nimish alisogea karibu. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Uko wapi sasa?"

"Kwa shangazi. Kesho sijui."

"Mwambie kesho tunakuja, mimi na mama na bibi."

"Kufanya nini?"

"Kukuposa, mkaidi wewe! Bado nina hasira na wewe, zitachukua muda. Utazingoja?"

"Na zangu je?"

"Zilete zote."

Akamvutia kiti, akampakulia mwenyewe. Ketki aliona mlango wa duka la baba yake ukimjia akilini, umefungwa. Alikula mpaka mwisho huku machozi yakidondokea sinia, na Nimish akakaa pembeni yake, hakumwambia anyamaze.