Mbegu Isiyodekezwa

Asubuhi ile ya Julai 1981, Mama Antonia alikuta miche yake ya minyonyo imekauka kwa baridi. Huu ulikuwa mwaka wa tatu. Aliketi kwenye tuta akalia.

Antonia alikuwa mkunga wa kijiji, huku Karatu. Mafuta ya taa yaliadimika dukani, basi alitaka minyonyo ya kutosha, apate mafuta yake ya kuwashia taa. Chumba chake cha kuzalishia hakikuwa na dirisha. Mwaka uliopita Evarista wa pale kijijini alijifungulia humo, kwenye moshi wa kijinga cha moto. Kamba ya kitovu ilimzunguka mtoto shingoni, Antonia hakuiona. Mtoto akafa. Mkunga gani atalala usingizi baada ya hapo?

"Pole, mama," alisema Nosim, bibi shamba mgeni aliyetokea Sale. "Mbegu ulitoa wapi?"

"Mti ule wa kando ya ukuta wa zizi. Mbegu zake nono. Nachagua kama ninavyochagua mahindi."

Nosim alitabasamu. "Mti ule unadekezwa kama bibi harusi. Samadi chini, joto la ng'ombe ubavuni. Wanawe wataijulia wapi baridi? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo."

Akaonyesha mwinukoni. Minyonyo mitatu mifupi ilisimama huko, majani mabichi. Antonia alikuwa amepanga kuikata kuni.

"Ile imevumilia ukame na baridi. Panda mbegu zake. Kila mwaka chukua mbegu za miti iliyopona."

"Vimbegu vile?" Antonia aliguna. "Haya. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Nosim akamfundisha kukaanga mbegu, kuzitwanga, kuzichemsha na kuengua mafuta.

"Ni mazito, hayapandi utambi mrefu wa koroboi. Yatie kisahanini, utambi mfupi wa pamba. Mbegu na mashudu ni sumu. Watoto na mbuzi wasiguse, na kinu hicho usitwangie chakula."

Mwaka uliofuata ilipona miche saba. Mwaka wa pili, mwinuko mzima ulikuwa kijani.

Evarista aliposhikwa na uchungu tena, mumewe Clemensi alimleta kwa Antonia. Antonia akawasha kisahani chake. Mwanga ulikuwa mdogo, lakini haukuwa na moshi. Kichwa cha mtoto kikatokea, kamba ikiwa imemzunguka shingoni, kama mara ile.

Safari hii Antonia aliiona. Akaivusha taratibu juu ya kichwa. Mtoto akalia, na Antonia naye akalia.