Viroboto Ishirini Wazima

Teke moja, mlango wa maabara ukafunguka.

Maëlle Garcin akaingia, bastola ya Beretta mkononi. Jasusi huyu wa serikali alibakiwa na dakika kumi na moja.

Saa sita kamili mchana cheti kingetoka: kemikali mpya ya marashi haidhuru viumbe wa mtoni. Genge la magendo lilikuwa mpakani na mapipa mia tatu, likisubiri karatasi hiyo tu. Baada ya hapo mito yote ya Grasse, mji wa marashi, ingekufa.

"Dada! Umenitoa roho," alicheka Odile Castagnier, mkuu wa maabara na mtoa habari wa Maëlle kwa miaka sita. "Weka hicho kichuma chako, uje uone."

Ndani ya glasi, viroboto wa maji ishirini walirukaruka. Wadogo kama punje za ulezi. Saa arobaini na nane ndani ya kemikali, na hakuna aliyekufa.

"Wazima wa afya," alisema Odile. "Waambie wakubwa zako wakanywe kahawa."

Sauti ya bosi wa Maëlle ikakwaruza kwenye kipokezi sikioni. "Garcin, tusaini cheti?"

Maëlle alivuta pumzi.

Chumba kizima kilinukia asumini.

Odile hakuisikia harufu hiyo. Miaka ishirini kwenye marashi, pua ilishazoea.

"Odile, vifuniko viko wapi?"

"Vifuniko gani tena?"

"Usinifanye mtoto! Kemikali hii inanukia asumini, na hupaa hewani upesi. Chupa hujazwa pomoni, ikafungwa. Wewe ndiye uliyenifundisha! Ikiwa puani mwangu, haimo majini. Viroboto wako wanaogelea kwenye maji matupu."

Tabasamu la Odile likafutika.

"Wale wa magendo waliniahidi maabara yangu mwenyewe, Maëlle. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningekwambia wewe."

Mkono wa Odile ukaruka kwenye droo. Maëlle akaibamiza kwa goti. Bastola ikabaki ndani, na pingu zikamfunga mwenye nayo.

"Zuieni cheti," Maëlle alimwambia bosi wake. "Jaribio limechakachuliwa. Kamateni mapipa."

"Na mtoa habari wetu? Yuko salama?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Iliuma kuliko risasi yoyote aliyowahi kupigwa.

"Ndiye aliyetuuza."

Polisi wakapanda ngazi. Odile alikuwa akilia.

"Maëlle! Usiniache na hawa!"

Hakugeuka. Alivaa miwani ya jua.

"Unamjua huyu mama?" aliuliza polisi mmoja.

"Nilidhani namjua," alijibu, akaenda kuwasha pikipiki yake ya Ducati.