Mchumba wa Dirishani

"Fundi, yule msichana wa dirishani ni mchumba wangu. Niunganishe naye."

Wamalwa aliweka kamera mezani polepole, kama mtu anayetua yai. Aliyesema hayo alikuwa Kipsang, dereva wa trekta kutoka shamba moja la Njoro, ndani ya koti la kuazima.

"Umesema ni nani wako?"

"Mchumba. Hana nafasi ya kuja mjini. Nipige leo, halafu unibandike kando ya picha yake tuonekane tumeketi pamoja. Si mnaweza?"

Waliweza. Mwaka ule wa 1957 wachumba wengi wa Nakuru waliketi pamoja kwenye karatasi kabla ya kuketi kwenye benchi. Tatizo ni kwamba msichana wa picha iliyotundikwa dirishani mwa studio alikuwa Zeddy, mwalimu wa nasari kule Lanet, na Zeddy alikuwa mchumba wa Wamalwa. Jumapili iliyokuwa inakuja, wazee wa Wamalwa walikuwa waende kumposa.

"Mnapendana?" Wamalwa aliuliza, sauti ikimtokea puani.

"Sana. Mama yangu hana usingizi."

"Keti. Usitabasamu."

Fundi mwema huanza kwa kujiuliza picha ni ya nini. Wamalwa alijiuliza, akajijibu bila kusita: ni ya kisasi. Akaingia chumba cha giza, akaishusha mashine ya kukuzia picha, na Kipsang akapungua, akapungua, mpaka akafika kwenye kiwiko cha Zeddy. Kazi ilipokauka, dereva wa trekta alionekana kama mtoto aliyepelekwa kudungwa sindano.

Kisha fundi akaandika barua fupi:

"Zeddy, njoo studio Jumamosi. Nimejua yote. Usilete mandazi."

Jumamosi Zeddy hakuleta mandazi. Alileta hasira yake mwenyewe.

"Umejua yote? Mimi ndiye nimejua yote! Yule mwanamke uliyemweka dirishani, niliyemwona juzi nikipita, ni nani?"

Wamalwa akacheka kicheko cha mgonjwa. "Sasa unajikana mwenyewe?"

"Uso kama sahani ya harusi! Na umemvika shali ileile uliyonivika mimi! Wameivaa wangapi, Wamalwa?"

"Muulize Kipsang wako!"

"Kipsang ndiye nani?"

Mlango ukafunguka, Kipsang akaingia akipangusa viatu.

"Samahani dada, nipishe kidogo. Fundi, mimi na mchumba wangu tumetoka vizuri?"

Zeddy alikuwa hatua moja kutoka kwake, na Kipsang alimtazama kama anavyotazama mlango.

"Kaka," Zeddy akauliza, "huyo mchumba wako anaitwa nani?"

"Anaitwa..." Kipsang akachungulia dirishani kutafuta msaada. "Kusema kweli, dada, hatujaonana. Mama ananisumbua nioe. Nikapita hapa, nikaona sura, nikasema hii itamnyamazisha mpaka mavuno."

Furaha ilimpanda Wamalwa hadi kwenye masikio.

"Hakujui! Zeddy, hakujui kabisa! Na yule ni wewe! Picha ni yako!"

"Mimi?"

Zeddy akatoka nje, akasimama mbele ya dirisha. Alikaa huko muda mrefu kuliko Wamalwa alivyopenda. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kovu langu la shavuni liko wapi?"

"Nililifuta kwa penseli kwenye negativu, ile filamu yenyewe. Kidogo tu."

"Na mwanya wangu?"

"Nilitaka upendeze. Watu wakipita waone..."

"Waone nani? Huyu amesimama hapa akimtafuta, asinitambue. Mimi mwenyewe nimemwonea wivu njia nzima! Wamalwa, kesho wazee wako wanakuja kumposa nani?"

Zeddy akaichukua mezani picha ya Kipsang, akampa.

"Chukua, kaka. Mpende. Hapa hana mwenyewe."

"Asante, dada. Lakini mbona mimi ni mfupi hivi?"

Akaondoka akiigeuza picha huku na huku.

Wamalwa akalivuta benchi karibu na mwanga.

"Keti, nikupige upya."

"Picha ya nini?"

Safari hii alifikiri kabla ya kujibu.

"Ya baba yako. Aone kama mtu anayekuja kwake ana macho."

Zeddy akaketi bila shali, akaligeuza kovu kuelekea mwanga, akacheka kwa makusudi, mwanya wote nje.

"Nisipojiona humo, wazee wako watarudi na njaa."

Kesho yake huko Lanet, baba Zeddy aliishika picha mkono mmoja, akamtazama bintiye, akaitazama tena.

"Ni yeye," mzee akasema. "Mama, leta chai."

Picha ikazunguka mikononi mwa wageni mpaka ikamfikia Wasike, binamu wa Wamalwa, ambaye hakuwa ameoa. Wasike akaiinamia, akaiinamia zaidi.

"Huyu kweli ni mzuri, ndugu yangu. Ngoja niangalie tena."

"Umeangalia inatosha," Wamalwa akasema, akaitia mfukoni.