Makoti Yaliyolipwa kwa Hisa

Kila alasiri akitoka shule, Chiriku alivua sare, akala, kisha akaketi kando ya cherehani ya mama yake kukata nyuzi zilizoning'inia kwenye makoti. Jina hilo la utani alilipata kwa maneno mengi.

Makoti yalikuwa ya madereva wa pikipiki wa kampuni moja iliyouza bidhaa mtandaoni. Kampuni ilimpa mama achague malipo: fedha taslimu, au hisa, yaani vipande vidogo vya umiliki wa kampuni ambavyo angeweza kuviuza baadaye. Mama alichagua hisa. Kila mwezi makoti yalizidi kuagizwa, basi akaamini kampuni inapata faida. Hisa zikipanda angenunua cherehani ya umeme, maana ile ya kukanyaga ilikuwa inamuua magoti.

"Chiriku, hisa zetu vipi leo?" aliuliza kila siku, kwani macho yake hayakuona maandishi madogo ya simu.

Mwanzoni jibu lilikuwa tamu. Bei ilipanda hadi ikawa maradufu.

"Wifi, uza," shangazi yake Chiriku, muuza vitambaa, alishauri. "Mtaka yote hukosa yote."

"Shangazi naye kwa woga!" Chiriku alidakia. "Mama, usiuze! Zitapanda tena."

Mama alicheka, akamsikiliza binti yake.

Haukupita muda, bei ikaanza kuteremka. Chiriku aliiona, akaizima simu haraka.

"Zipo palepale, mama," alisema. Kesho yake akasema hivyohivyo, na kesho kutwa, akiomba zipande kabla hajaumbuka. Hazikupanda.

Shangazi ndiye aliyeleta habari: kampuni ilikuwa inafunga matawi, na tangu ianzishwe haikuwahi kupata faida. Mama alimpokonya Chiriku simu, akampa wifi yake asome. Ilikuwa imebaki robo tu ya ile bei ya juu.

Mama alilitupa sakafuni koti alilokuwa akilishona. "Umeniona mimi mjinga?"

"Ni hao wa kampuni, mama! Wezi wakubwa!"

"Usiwasingizie! Hisa hupanda na kushuka. Niliona makoti mengi nikadhani ni faida, sikuuliza. Hilo kosa langu. Lakini wewe ulikuwa unaona!"

"Niliogopa. Mimi ndiye niliyekukataza kuuza."

"Ungesema siku ya kwanza, leo cherehani ingekuwa hapa!"

Jioni ileile waliuza hisa zote. Fedha zilitosha malipo ya mwanzo tu ya cherehani kuukuu ya umeme. Deni lililobaki mama angelilipa kwa kukanyaga cherehani ileile ya zamani, na kwa wateja wa fedha taslimu. Chiriku aliliokota koti, akalikung'uta vumbi bila kuinua uso.

"Sikiliza," mama alisema, hasira bado haijamtoka. "Anayetafuta mali aulize kwanza, na akiona hasara aiseme mapema. Kampuni nilijua inaweza kuanguka. Kwamba mwanangu atanidanganya, hilo sikulijua."