Mpini Mmoja kwa Wiki

Nyanya za Naomi Kalama zilimwagwa na boksi. Lilikuwa boksi jembamba, refu kama ufagio wa uwanjani, na mwanamume aliyelibeba begani aligeuka ghafla kumpisha mwenye mkokoteni. Ncha ya nyuma ikakizoa kikapu, nyanya zikaviringika kati ya miguu ya watu, pale sokoni Marikiti, Jumamosi asubuhi.

"Samahani, dada! Samahani sana!"

"Samahani haiungi mchuzi, kaka."

Mwanamume akachutama kuziokota moja moja, akizifuta kwa shati lake la kaki lililojaa vitundu vya moto. Naomi alikuwa tayari kumkaripia tena, ila akayaona maandishi ubavuni mwa boksi.

"Mipini ya grafaiti? Unacheza gofu wewe?"

"Sichezi. Nawatilia wanaocheza mipini kwenye fimbo zao. Naitwa Kahindi, karakana yangu iko Ndia Kuu, ubavuni mwa duka la vinyago la Bwana Kamaludin." Akakitazama kiwiko cha Naomi kilichofungwa bendeji. "Na wewe unacheza kwa mipini ya chuma. Mkono wako umeshasema."

Naomi akacheka, na haikuwa kawaida yake kucheka na watu sokoni.

Tusifichane: Naomi alikuwa mpweke. Miaka thelathini na nne, karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, fleti ya vyumba viwili Ganjoni, vikombe sita kabatini na kimoja tu ndicho kilichokuwa kikioshwa. Bwana mmoja alimweka miaka minne kwa "mwezi ujao nakuja kwenu," mwisho akaenda kuoa Malindi. Baada ya hapo Naomi alijifunza gofu kwa fimbo alizoachiwa na bosi wake wa zamani. Gofu mtu aweza kuicheza peke yake na asionekane ameachwa.

Jumamosi iliyofuata alizipeleka fimbo zake nane Ndia Kuu, amevaa gauni la maua ya manjano. Kahindi akampa mbili azipime mkononi.

"Tofauti yake ni nini?"

"Chuma ni kizito, na kinakwambia kila kosa. Ukipiga vibaya, mtetemo unapanda mpaka kiwikoni. Grafaiti ni nyepesi, inaumeza ule mtetemo."

"Kwa hiyo nitakosea na nisijue?"

"Utajua, dada. Ila haitakuuma."

Naomi alisita. Alikuwa mtu wa kupenda kuambiwa ukweli, hata ukiuma. Lakini kiwiko kilikuwa kimemshinda, akachagua grafaiti.

"Basi tutazifanya moja moja," Kahindi akasema, macho kwenye benchi lake. "Gundi ya grafaiti hutaka wiki nzima kukauka. Kila Jumamosi ulete moja, uchukue moja."

Hivyo ndivyo Naomi alivyopata pa kwenda kila Jumamosi. Kahindi alikipasha moto kichwa cha fimbo mpaka gundi ya zamani ikayeyuka, akauchomoa mpini wa chuma, na huku akifanya kazi wakazungumza juu ya kila kitu na juu ya upuuzi mtupu, mahamri katikati yao. Siku za kazi Kahindi alimpigia ofisini kwa simu ya Bwana Kamaludin.

"Namba sita imekauka?" Naomi aliuliza, akiitaja fimbo kwa namba iliyochorwa kichwani mwake.

"Bado. Inakuulizia."

"Inaniulizia nini?"

"Inataka kujua Jumamosi utavaa nini."

"Iambie ishike adabu yake!"

Wiki ya tano akamwita "mpenzi," kwa sauti ndogo sana. Naomi akamtaka arudie, akakataa katakata, akakata simu. Siku ile karani alikosea barua tatu.

Kisha Jumapili moja, kwenye uwanja wa gofu, Bwana Riyadh, mmoja wa wachezaji, akaiona fimbo mpya ya Naomi, akaisifu.

"Kazi ya Kahindi hiyo! Fundi hodari. Nilimpelekea seti nzima Alhamisi, Jumamosi nikaichukua."

"Zote? Na gundi je?"

"Gundi hukauka kwa usiku mmoja tu, dada Naomi."

Naomi alihisi baridi juani. Kucheleweshwa alikujua, alikuwa amekusomea miaka minne. Jumatatu alipotoka kazini alikwenda Ndia Kuu moja kwa moja, hata kukaa hakukaa.

"Gundi gani hii ya wiki nzima?"

Kahindi akainamisha kichwa.

"Za Bwana Riyadh siku mbili, zangu wiki tano na hazijaisha! Kwa sababu mimi sina wa kunisemea? Nimeshachezewa, Kahindi. Sirudii."

"Si hivyo, Naomi."

"Ni vipi basi?"

Mwanamume yule mwenye maneno tele kwenye simu akachukua kitambaa, akaanza kupangusa benchi. Naomi akaichukua fimbo yake ya zamu ile, ambayo ilikuwa haijaguswa, akaondoka.

Ikawa Jumamosi ndiyo siku ndefu kuliko zote. Alikiosha kikombe chake, akakikausha, akakiosha tena. Uwanjani, akipiga kwa fimbo tatu zilizobaki na mipini ya chuma, aliumia kiwiko. Akipiga zile za grafaiti alimkumbuka aliyezitia mipini, akaumia zaidi. Ofisini simu ilipolia alikuwa wa kwanza kuipokea, na kila mara ilikuwa ni mambo ya makontena.

Wiki ya sita tangu wagombane simu ikalia, ikawa Bwana Kamaludin.

"Mwanangu Naomi? Ndoo huku dukani uchukuwe mipini yako ya zamani. Kahindi ameiweka kwangu, asema mali ya mtu irudi kwa mwenyewe."

Jumamosi akavaa gauni la kijani, akazibeba pia zile fimbo tatu, akijiambia kwamba akitoka hapo atapita kwa fundi mwingine. Fundi mwingine hakuwako, naye alilijua hilo. Bwana Kamaludin akamkabidhi mipini mitano iliyofungwa kwa kitambaa safi, kisha akageuka kupangusa kinyago ambacho hakikuwa na vumbi. Kila mpini ulikuwa na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli.

"Namba tatu. Gauni la maua ya manjano. Alikaa saa nzima."

"Namba nne. Mvua. Nilidhani haji."

"Namba saba. Leo amenicheka."

"Namba sita. Amesema nyumbani kwake kuna kimya sana. Hata kwangu."

"Namba tano. Zimebaki tatu tu."

Hiyo ya mwisho Naomi aliisoma mara mbili, na machozi yakamtoka mbele ya vinyago vyote vile. Akatoka, akaingia mlango wa pili. Kahindi alikuwa kwenye benchi lake, amekonda.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesemaje? Kwamba nakudanganya ili uje tena?" Alitazama mikono yake. "Niliogopa zikiisha."

Naomi akaziweka zile tatu mbele yake. "Zimalize. Leo hii, zote."

Uso wa Kahindi ukasawijika. "Sawa."

"Halafu Jumamosi ijayo uanze kunirudishia ile mipini ya chuma. Mmoja kwa wiki."

"Naomi, chuma kitakuumiza mkono!"

"Nitapumzika kucheza."

"Lakini ziko nane tu. Zikiisha je?"

"Wiki nane zinakutosha kuwatuma wazee wako kwetu Kaloleni. Na gundi usiisingizie tena."

Kahindi alikivuta kigoda, akakifuta vumbi, akamkalisha. Kisha akachukua kipande cha karatasi na penseli, akaandika. Naomi akainama begani kwake kusoma.

"Namba nane. Gauni la kijani. Amerudi."